Namna ya Kuunda Mashine ya Kupima Uvivu

Hongera. Umeamua kuunda chombo cha kuchungulia mambo yanayokwenda polepole ndani ya vitu: minyororo ya polima inavyojipenyeza ndani ya plastiki iliyoyeyuka, utando wa seli unavyotikisika, protini inavyojinyoosha. Kabla hujanunua hata skrubu, tuelewane kuhusu neno polepole. Wewe ukilisikia unamwaza kinyonga, foleni ya jioni, au mjomba aliyepiga simu kusema yuko njiani. Hapa polepole ni nanosekunde mia moja. Katika nanosekunde moja, mwanga wenyewe hauimalizi rula ya shule ya sentimita 30. Mara mia ya muda huo ndio uvivu tunaousaka, na wenye fani huutaja bila hata kutabasamu.

Anza kwa kutafuta nyutroni. Haziuzwi dukani wala haziwekwi akiba: ikishatoka nje ya kiini cha atomi, nyutroni huishi kwa wastani wa takriban dakika 15 tu, kisha inageuka protoni na kukuachia deni. Kwa hiyo huna budi kuhamia zinakotoka. Mahali maarufu ni Grenoble, Ufaransa, kwenye Taasisi ya Laue-Langevin. Kinu chao cha nyuklia kina nguvu ya megawati 58 na hakizalishi umeme hata wa kuchaji simu. Joto lote hutupwa, wao wanataka nyutroni basi. Mueleze jambo hilo mtu wa mtaa wenye mgao wa umeme, kisha ukae mbali naye kidogo. Ukiona Ufaransa ni mbali, kumbuka Kinshasa ilipata kinu chake mwaka 1959, cha kwanza barani Afrika, lakini kilikuwa kidogo, cha mafunzo na utafiti. Kukiomba nyutroni za kazi hii ni kuomba boza la maji kwenye kisima cha ndoo.

Nyutroni zikitoka kinuni zina haraka ya ajabu, hivyo zipitishe kwenye deuteriamu kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 248 chini ya sifuri. Zile zenye urefu wa wimbi wa nanomita moja zitatoka na mwendo wa mita 396 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 1,400 kwa saa. Zimeishinda sauti, na bado tunaziita za mwendo mdogo. Zoea.

Hapa ndipo waangalifu hupotea. Unataka kujua kama sampuli yako imebadili kidogo kasi ya nyutroni. Akili ya kawaida inakwambia: chagua nyutroni zenye kasi moja tu, zipitishe, kisha upime zimetoka na kasi gani. Sawa. Ila kadiri unavyotaka kuona badiliko dogo zaidi, ndivyo unavyochagua kwa ukali zaidi, hadi unafanana na yule mwajiri anayetaka kijana wa miaka 22 mwenye uzoefu wa miaka 15. Mwisho wa usaili kiti kiko wazi, na kigunduzi chako kimekaa kimya kama msikiti saa nne asubuhi.

Mwaka 1972 mwanafizikia wa Hungaria, Ferenc Mezei, alikuja na dawa ambayo ukiisikia mara ya kwanza unaiona ni ya mzembe: usichague. Acha nyutroni zije na kasi zake, zitofautiane hata kwa asilimia 15, lakini kila moja ibebe daftari lake la hesabu. Njia hiyo inaitwa mwangwi wa spini, na chombo cha kwanza kilichoundwa mahususi kwa ajili yake, IN11, kilijengwa hapohapo Grenoble.

Daftari lenyewe ni hili. Nyutroni ni pia, ile ya watoto ya kuchezea. Ukiiingiza kwenye uga wa sumaku inaanza kuzunguka, na kasi ya kuzunguka inategemea nguvu ya uga. Sasa sahau fizikia, fikiria mbuzi wenye kamba shingoni wanaovuka viwanja viwili vilivyofuatana. Katika kiwanja cha kwanza kila mbuzi anajiviringisha kamba kwa mdundo mmoja na wenzake. Aliye mwepesi anatoka mapema, amejiviringisha mara elfu 35. Mzembe amechelewa, amefikisha elfu 39. Usimgombeze. Katikati ya viwanja unawageuza wote, na katika kiwanja cha pili wanajifungua kwa mdundo uleule. Mwepesi anajifungua mara elfu 35, mzembe elfu 39, na mlangoni kamba zote zimelala zimenyooka. Huo ndio mwangwi.

Sasa iweke sampuli katikati, pale pa kugeuzia. Mbuzi akiguswa hapo, akaongeza au akapunguza hatua kidogo tu, hesabu ya kujifungua haitalingana na ya kujifunga. Kwa koili zenye nusu tesla kwa urefu wa mita moja, nyutroni yetu ya nanomita moja huzunguka karibu mara elfu 37. Kasi ikibadilika kwa sehemu moja kati ya laki moja, inafika mlangoni na zaidi ya theluthi ya mzunguko ambao haujafunguka. Unaona uvivu wa nanosekunde 93, na hukumfukuza mbuzi yeyote.

Gharama yake ni kwamba viwanja viwili lazima vilingane kama mapacha, na kuanzia leo wewe na chuma ni maadui. Sumaku ya dunia peke yake humzungusha mbuzi wako zaidi ya mara tatu kwa kila mita. Ongeza nondo za sakafuni, kreni ya juu, foklifti inayopita nje, sumaku ya jirani anayefanya jaribio lake ukuta wa pili, na bizimu ya mkanda wa mkurugenzi aliyekuja kupiga picha. Jenga kwa aluminiamu. Tembea na sumaku ndogo mfukoni, uigusishe kwenye kila boliti, hata ile ambayo muuzaji ameapa kuwa ni ya chuma kisichoshika kutu. Mara nyingi hasemi uongo: boliti ilikuwa safi mpaka ilipokunjwa au kuchomelewa, ikaanza kunata. Baada ya kuitimua kila gramu ya chuma, utazungushia chumba kizima kuta za aloi ya nikeli na chuma, kwa sababu aloi hiyo huzinywa nyuga za nje zisiingie. Wageni wakiuliza mantiki, waonyeshe mlango.

Kuna pia mbuzi wanaokata kona. Nyutroni inayopita mshazari haikutani na uga uleule kama iliyonyooka, kwa hiyo katikati ya njia yao unaweka mabamba ya aluminiamu yaliyochongwa kama konokono, yenye umeme ndani, ya kusahihisha tofauti hiyo. Kuyapanga ni kazi ya miezi. Nimeahidi mwongozo, sikuahidi faraja.

Kisha itakuingia tamaa. Utagundua kwamba ukizidisha urefu wa wimbi mara mbili, muda unaoweza kuuona unaongezeka mara nane, na utakimbilia huko. Watu wa chombo cha IN15 wamefika karibu na nanosekunde elfu moja. Wasichokuambia kwenye mabango ni kwamba kwa wimbi refu mara mbili, nyutroni unazobaki nazo ni takriban moja kati ya kumi na sita. Leta kitabu cha kusoma, kinene.

Sampuli nayo ina fitina zake. Haidrojeni ya kawaida ina tabia ya kupindua spini za theluthi mbili ya nyutroni inazozitawanya ovyo, kama mtoto anayevuruga draft za wazee. Dawa ni kutumia haidrojeni nzito kwa sehemu kubwa, na kuacha minyororo michache ya kawaida ndani yake ili ndiyo ionekane. Kwa ujanja huo, watafiti wa miaka ya 1990 waliifuatilia minyororo mirefu ya polima na kukuta inabanwa kana kwamba iko ndani ya bomba, ikipenya kwa urefu wake kama nyoka shimoni. Pierre-Gilles de Gennes alikuwa ameuwaza mwendo huo mwaka 1971, kwa kalamu na karatasi, bila kinu wala koili. Usimwambie mhasibu wako.

Basi washa. Utahesabu usiku kucha upate nukta chache za mchoro, kesho nyingine chache, na nukta ya muda mrefu zaidi ndiyo itakayokataa kutulia. Siku zako zikikaribia kwisha, ndipo mchoro utakapoanza kushuka vizuri. Na hapo mlangoni utasikia kundi linalofuata kwenye foleni limefika mapema, linasukuma sampuli zao kwenye kigari cha magurudumu ya chuma.