Sifa za Patisheni Iliyojaa

Waandishi wa sifa wamewatukuza wafalme, farasi na majahazi, lakini patisheni ya mfumo iliyojaa pomoni, yaani ile sehemu ya diski ya seva inayotengewa mfumo endeshi na mafaili yake, na ambayo hukosa nafasi hata ya herufi moja, hasa Ijumaa alasiri, haijapata wa kuiimba. Wanaoijua huitaja kwa maneno yasiyochapishika. Dhuluma hiyo inastahili kuondolewa, kwa kuwa fadhila zake ni nyingi na mojawapo inapita kipimo.

Fadhila hiyo ni utunzaji wa kumbukumbu. Mwanahistoria wa kawaida huchagua: hutaja vita na kuacha uji waliokunywa askari asubuhi yake. Patisheni iliyojaa haina majivuno ya namna hiyo. Katika logi, yaani mafaili ambamo programu huandika kila tukio linapotokea, imehifadhiwa habari kwamba usiku wa manane printa iliulizwa kama ipo, ikajibu kwamba ipo, na kwamba dakika moja baadaye iliulizwa tena na kushikilia msimamo wake. IIS, programu inayotoa kurasa za tovuti katika seva za Windows, huandika kila ombi linaloifikia na, isipoelekezwa vinginevyo, haifuti faili hata moja la miaka iliyopita. Folda iitwayo WinSxS hutunza matoleo ya zamani ya vipande vya mfumo, ili sasisho likileta balaa liweze kutenguliwa. Katika Linux, kerneli zilizostaafu, yaani viini vya mfumo endeshi vilivyokwisha kupata warithi, hupumzika ndani ya folda ya /boot zikisubiri kuitwa tena kazini. Na seva ya Windows inapozimia, hata katika kuzimia huko huandika yaliyokuwa akilini mwake ndani ya faili liitwalo MEMORY.DMP, wasia mrefu ambao warithi hawausomi wala hawautupi.

Uaminifu huo hustahimili hata jaribio la kuuvunja. Katika Linux, msimamizi akifuta logi ambayo programu fulani bado imeifungua, jina hutoweka kwenye folda lakini nafasi hairudi mpaka programu ile iiachie au izimwe; hapo amri ya du, inayojumlisha ukubwa wa mafaili yanayoonekana, hutangaza kwamba nafasi iliyotumika ni ndogo, ilhali amri ya df, inayouliza mfumo wa mafaili wenyewe, hutangaza kwamba diski imejaa kwa asilimia 100, na zote mbili zinasema kweli. Ni wanafalsafa wachache waliowahi kumweka mtu katika hali kama hiyo saa nane za usiku. Fadhila yenyewe imekwisha kufika Mirihi, ambako Januari 2004, chini ya wiki tatu baada ya kutua, chombo cha NASA kiitwacho Spirit kilianza kujizima na kujiwasha mfululizo kwa sababu mafaili yaliyorundikana katika hifadhi yake yalikuwa mengi kuliko kumbukumbu ya kuyaorodhesha. Wahandisi waliokuwa Duniani walilazimika kuyafuta wakiwa umbali wa mamilioni ya kilomita.

Fadhila nyingine zitajwe kwa kupita. Patisheni iliyojaa ina usawa, kwa kuwa humnyima nafasi mkurugenzi kama inavyomnyima mwanagenzi, ingawa mfumo wa mafaili wa ext4 kwa kawaida humtengea msimamizi mkuu asilimia 5. Ina staha, kwa kuwa onyo lake huandikwa kwenye logi, na logi haiandikiki tena. Ina subira ya miezi.

Nayo ina nguvu. Tarehe 29 Agosti 2023 viwanda 14 vya Toyota nchini Japani vilisimama, na kampuni ikaeleza baadaye kwamba wakati wa matengenezo ya tarehe 27, data za hifadhidata zilipokuwa zikifutwa na kupangwa, nafasi ya diski ilikwisha, na seva za akiba, kwa kuwa zilitegemea mfumo uleule, zikakwama vilevile. Msomaji aangalie vizuri: nafasi ilikwisha wakati wa kusafisha. Hifadhidata huandika kwanza kile inachokusudia kufuta, kwa hiyo kufuta kwenyewe kunahitaji nafasi, na anayengoja diski ijae ndipo aisafishe amekwisha kuchelewa.

Hapa sifa zinaingia doa, kwa sababu patisheni haikujijaza. Microsoft huandika kwamba Windows Server inahitaji angalau gigabaiti 32 na hutahadharisha kwamba hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kamati ya manunuzi husoma namba, huruka tahadhari, na huipa patisheni ya mfumo karibu kiasi hichohicho, huku diski ya pili ya terabaiti mbili ikikaa kando bila kitu. Mtengenezaji wa programu huacha imewashwa hali ya uchunguzi, ile inayoandika kila hatua kwa ajili ya kutafuta makosa, kisha hufunga njia ya logi kwenye diski C, yaani patisheni hiyohiyo ya mfumo, isihamishike. Hata neno samahani hasemi! Mkuu wa idara huuliza kama diski si ndiyo ileile iliyonunuliwa juzi. Na fundi anapoomba kibali cha kufuta logi za miaka minne, mhasibu huhofia wakaguzi, mkaguzi husema faili si lake, mwanasheria huomba apewe muda, na hakuna mwenye cheo anayekubali kuweka sahihi chini ya sentensi inayosema kwamba kitu fulani hakihitajiki tena. Kumbukumbu inayosifiwa hapa ni woga wao, uliopimwa kwa gigabaiti.

Kikao huitishwa. Baada ya chai, wajumbe huazimia kununua programu ya kufuatilia nafasi ya diski, ambayo husakinishwa kwenye diski C na kuanza mara moja kuandika logi zake.