Ngoja Niliombee

Mtaani kwetu Mungu anasingiziwa mambo mengi. Dada mmoja wa kwaya alihama alto akaenda soprano kwa kuwa "Bwana amenionesha", nasi sote tulijua alichooneshwa ni upande anaposimama mpiga picha. Shangazi yangu alioneshwa aache kuuza maandazi wiki ileile bei ya ngano ilipopanda. Ubaya wa kauli hiyo ni kwamba haijibiki. Mwenzio keshaoneshwa, wewe ambaye hukuoneshwa kitu utabaki kumeza mate.

Sisi tusiooneshwa tuna kauli yetu: "Ngoja niliombee." Kanisani hiyo ndiyo hapana ya kiungwana kuliko zote. Basi mzee wa kanisa aliponifuata baada ya ibada, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili (hapo nikajua kuna jambo), akasema kamati ya harusi ya kijana wake imeniona ninafaa kuwa mweka hazina, nikamjibu bila kupepesa: "Mzee, ngoja niliombee."

Mzee yule kazeekea kwenye maombi. Akasema, "Amina, mwanangu. Na sisi tutakuombea mpaka Jumapili."

Anayezijua kamati za harusi za Dar es Salaam hahitaji kuelezwa. Mweka hazina ndiye anayewapigia simu walioahidi laki wakiwa wameshiba na sasa hawapokei. Ndiye anayelaumiwa soda zikiisha kabla ya kufika meza za nyuma, hata kama kanunua mwingine. Nilitaka Mungu akatae, tena akatae yeye mwenyewe, mimi nisionekane.

Usiku nikafumba macho, nikaifungua Biblia popote. Mtakatifu Augustino alifungua hivyohivyo bustanini Milano mwaka 386, macho yakaangukia Warumi 13, na maisha yake yakageuka. Mimi yaliangukia Hesabu 7. Aliyewahi kuisoma sura hiyo anaijua: wakuu kumi na wawili wa Israeli wanaleta matoleo, kila mmoja na siku yake, kila mmoja na sahani ya fedha ya shekeli 130 na bakuli la shekeli 70, na mwandishi anairudia orodha nzima kwa kila mkuu bila kuchoka. Hakuna aliyeahidi akazima simu. Nikafunga, nikafungua tena. Hesabu 7. Kuchunguza, nikakuta bahasha yangu ya ahadi ya jengo imelala hapo tangu Pasaka, mpaka Biblia imezoea kupasukia palepale. Bahasha nikaihamishia Zaburi, tupu vilevile.

Nikamgeukia Gideoni. Yeye alitandika ngozi ya kondoo, usiku mmoja akataka ilowe umande na ardhi ibaki kavu, usiku wa pili kinyume chake. Ngozi sina, simu ninayo. Nikamwambia Bwana: kama kazi hii ni yangu, uingie ujumbe wa fedha kabla ya saa nne usiku. Niliona nimejikinga vizuri, maana ilikuwa tarehe za mwisho wa mwezi, na kwa watu ninaowajua mimi tarehe hizo hakuna anayemtumia mwenzake kitu. Saa nne kasorobo simu ikalia. "Ile hela itume kwenye namba hii."

Meseji hiyo Watanzania tunaijua. Ni ya matapeli. Lakini nilikaa kitandani nikijiuliza: aliyemsemesha punda wa Balaamu, atashindwaje kumtumia tapeli?

Mama Neema alikuwa anakunja nguo. "Baba Neema," akasema, "Gideoni malaika alishamwambia la kufanya kabla hajatandika hiyo ngozi. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa anatafuta pa kutokea."

Mke wangu anafundisha shule ya Jumapili, kwa hiyo kubishana naye kunataka maandalizi. Nikamletea John Wesley, baba wa Wamethodisti. Mwaka 1737, katika koloni la Georgia huko Marekani, Wesley alipiga kura kuhusu binti aliyempenda. Vikaratasi vilikuwa vitatu: aoe, asiwaze jambo hilo mwaka ule, au asiliwaze tena kabisa. Kikatoka cha asiliwaze tena. Siku chache baadaye binti akaolewa na mwingine, na mwaka haukuisha kabla Wesley hajamnyima meza ya Bwana, akashtakiwa, akapanda meli kurudi Uingereza.

"Kwa hiyo kikaratasi kilimwambia asiwaze," akasema Mama Neema, "naye akawaza mwaka mzima."

Nikaona Wesley nimemleta upande usio wangu.

"Jumamosi una kazi gani?"

Sina.

"Kujumlisha unajua?"

Mimi ni mhasibu.

"Harusi yetu sisi, michango alikusanya nani?"

Nikanyamaza. Alikusanya mzee huyohuyo, kwa miguu, nyumba kwa nyumba, enzi ambazo simu ilikuwa ya mwenye duka.

"Basi shusha daftari, liko juu ya kabati. Alilileta Jumatano."

Nikalishusha. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, jina langu, laki moja, mwandiko wa mke wangu. Palipoandikwa "ahadi" pamekatwa, pembeni pameandikwa "kalipa".

"Kalipa kwa hela ipi?"

"Ya gesi," akasema. "Wiki hii tunapikia mkaa."