Jinsi ya Kuficha Kopo Rusizi Bila Kuficha Kopo

Anza na kopo lenyewe. Nenda Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kwenye gereji ambako mafundi hugonga bati tangu asubuhi, uagize kisanduku chenye mfuniko unaobana. Tia ndani daftari dogo, penseli na vizawadi viwili vitatu: shanga, kitufe, sarafu iliyopitwa na wakati. Atakayekipata ataandika jina lake daftarini. Akichukua shanga, ataacha kitu cha thamani ileile au zaidi, kisha atakirudisha kisanduku palepale alipokikuta. Huo ndio mchezo wa jiokeshingi, na ni mchezo mzuri, kwa sababu unamtoa mtu nyumbani akatembee akiwa na jambo la kutafuta. Ulianza tarehe 3 Mei 2000, mara tu Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi ishara za GPS walizokuwa wakipata raia. Dave Ulmer alificha ndoo kichakani karibu na Portland, Oregon, akatangaza mahali ilipo kwenye intaneti, na leo makopo ya namna hiyo yamefichwa kwa mamilioni duniani.

Ndoo ya Ulmer ilikuwa na vitabu, programu za kompyuta, manati na kopo la maharage. Maharage usiyaige. Kanuni za siku hizi zinakataza chakula cha aina yoyote, maana mnyama hunusa kabla msakaji hajafika, na akishanusa hakuna mfuniko wa Buyenzi utakaomzuia.

Sasa tutafute maficho. Hifadhi ya Rusizi iko kilomita 15 hivi kutoka Bujumbura, upande wa barabara ya Gatumba iendayo Uvira. Imelindwa kisheria tangu 1980, na mwaka 2002 iliingia kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ina sehemu mbili: delta, ambako mto unapenya kwenye matete na kuingia Ziwa Tanganyika, na uwanda mkavu wa huko juu, penye mikoma.

Tujaribu matete kwanza. Utaona mlango umekwisha kufunguliwa: kijia kilichokanyagwa vizuri, matete yamesimama huku na huku, na mbele yako maji. Chuchumaa ukitazame kabla ya kuingia. Katikati kina tuta jembamba lenye nyasi, na kila upande wa tuta kuna mfereji, kama barabara ya udongo iliyopitwa na gari moja kila siku. Aliyechora mifereji hiyo ana uzito wa tani moja na zaidi, na ndivyo miguu yake ya kushoto na ya kulia inavyoachana. Matete ya pembeni yamerushiwa mavi, kwa kuwa kiboko huyatawanya kwa mkia kuweka alama zake. Njia ina mwenyewe. Giza likiingia hupanda kwenda kula nyasi, kilo 40 hivi kwa usiku mmoja, na kabla ya jua kupanda hurudi majini. Ukisimama kati yake na maji umemzibia njia ya kwake, naye hasubiri maelezo. Watu wa Bujumbura wanalijua hili hata bila kuingia hifadhini, maana viboko hutoka ziwani jioni na kula nyasi za ufukweni karibu kabisa na barabara, na mwenye akili huwapisha. Kisanduku kisikae hapo.

Basi tukifukie mchangani? Mchezo wenyewe unakataza kuchimba, na kingo za mchanga ndipo mamba anapofukia mayai yake na kuyalinda kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mamba mashuhuri kuliko wote wa mto huu ni Gustave, aliyepewa jina hilo na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi miaka mingi, ambaye alimkadiria kuwa na urefu wa zaidi ya mita sita. Faye na wenzake walimtegea kizimba kikubwa cha chuma chenye chambo, na Gustave hakuingia. Kuhusu masanduku ya chuma amekwisha kutoa jibu lake.

Kwenye mikoma pia hapafai, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mikoma hukua polepole. Hukatwa, majani yake huchukuliwa, na ng'ombe wakipitishwa chini yake miche hukanyagwa ingali midogo. Ukitangaza mahali pa mti mmoja, wote watakuja kwenye mti huo mmoja, na kwa kuwa GPS ya simu hukosea kwa mita kadhaa, kila mmoja atazunguka akipekua. Baada ya msimu mmoja utakuwa umefyeka kiwanja pasipo kushika panga. Ndiyo maana hifadhi za taifa za Marekani, nchi ulikozaliwa mchezo huu, haziruhusu kopo liwekwe ndani yake bila kibali.

Ukingoni mwa mto usipafikirie. Aprili 2020 Rusizi ilivunja kingo ikaingia Gatumba, na maelfu ya watu wakahama nyumba zao.

Tena hifadhi inapakana na Kongo. Kisanduku cha chuma kilichofichwa kichakani Oregon ni mchezo. Kilichofichwa karibu na mpaka huu ni tuhuma. Askari akikiona ana haki ya kukidhania kibaya, na mvuvi akikiona ana haki ya kukimbia. Nchi hii imepitia vita virefu, na mtoto aliyelelewa vizuri hufundishwa asiguse chuma asichokijua. Usimwekee mtoto wa mwenzako kitu cha kumfanya alisahau somo hilo.

Imebaki ruhusa. Hifadhi iko chini ya OBPE, Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira, na kanuni za mchezo zinataka mwenye eneo akubali kwanza. Zinataka pia aliyeficha awe na uwezo wa kurudi kulitunza kopo lake. Mgeni wa wiki moja hawezi kutupachikia sanduku kisha akapanda ndege.

Kwa hiyo kisanduku kibaki nyumbani, kitafaa kutunzia misumari. Mchezo unaendelea. Tangu 2004 una aina isiyo na kopo kabisa: mtu anachagua mahali, anaandika swali kuhusu ardhi ya pale, na msakaji anakwenda, anatazama kwa macho yake, anatuma jibu. Hakuna kinachofukiwa wala kinachookotwa. Hii ndiyo aina ninayotaka tuilete Rusizi, na swali lake la kwanza limesubiri muda mrefu.

Mto huu unaingia ziwani au unatoka? Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Tanganyika wakitafuta chanzo cha Nile. Kama mto wa kaskazini ungekuwa unatoka ziwani, huenda wangekuwa wamekipata. Walipanda mitumbwi hadi Uvira, na huko wenyeji wakawaambia kwamba Rusizi inaingia. Hawakufika mtoni kujionea, na mabishano yakaendelea Ulaya kwa miaka 13. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakafika mdomoni mwa mto, wakaona maji yanakuja ziwani. Watu wa Uvira walikuwa wamelijibu swali hilo zamani, bila malipo.

Nawe nenda ukalijibu. Nenda asubuhi, kwa boti, pamoja na mlinzi wa hifadhi, na mikono ibaki ndani ya boti. Tafuta pale ambapo maji ya mto, yenye rangi ya udongo, yanakutana na maji ya ziwa. Chagua kipande cha tete kinachoelea na ukifuate kwa macho hadi ujue kinaelekea wapi. Kisha muulize mlinzi maji hayo yametoka wapi. Yametoka Ziwa Kivu. Hapo kale Kivu ilimwaga maji yake kaskazini, hadi volkano za Virunga zilipoinuka na kuziba njia. Ziwa likajaa, likafurika upande wa kusini, na mfereji wa furiko hilo ndio Rusizi. Ukieleza hayo kwa maneno yako mwenyewe, umefaulu kituo cha kwanza.

Kituo cha pili kiko upande mwingine wa jiji, kusini, Mugere, kwenye jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley. Wageni wengi hudhani ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Walikutana Ujiji, Mugere walipita katika safari ileile ya kwenda mtoni. Soma tarehe iliyochorwa kwenye jiwe na uiandike kama ilivyo.

Jambo la tatu ni gunia. Tangu 2002 wasakaji wa nchi nyingi hufanya siku maalumu za kuokota taka wanakopita, na sisi tunahitaji desturi hiyo kuliko wengi. Mvua ikinyesha, mito ya Ntahangwa na Muha hukusanya uchafu wa mitaa yetu na kuushusha ziwani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwa amri ya 2018, lakini chupa bado zinakuja, na nyingine huishia kwenye matete ambako korongo na mwari wanatafuta samaki. Mwombe mlinzi akuonyeshe mahali salama pa kuokota, jaza gunia, uondoke nalo. Kwenye njia ya kiboko usiingie hata kama chupa unaiona.

Toka hifadhini kabla jua halijaelekea milima ya Kongo. Mpe mlinzi asante na chochote ulicho nacho. Kisha mtumie mwenye swali majibu yako mawili na picha ya gunia. Picha ya jiwe usiiweke hadharani, maana tarehe inasomeka, na mwenzako aliye nyuma naye anataka kwenda kuitafuta.