Muulize Shangazi Buni: Arosto ya Kahawa

Barua za safari hii karibu zote zinanuka kahawa. Sijui nani amewaambia watu waiache wote kwa pamoja. Nazijibu nikiwa na kikombe changu pembeni, kwa hiyo asitokee mtu kuniuliza kama na mimi nimeacha. Sijaacha, wala sina mpango.

*Shangazi, shikamoo. Kiungulia kilinizidi, basi Ijumaa baada ya swala nikasimama barazani mbele ya wazee nikatangaza kwamba mimi na kahawa basi. Jumamosi adhuhuri kichwa kikaanza kugonga. Jumapili nikamfokea mtoto kwa kupiga chafya. Mwili mzito, nimepima malaria, hakuna. Mama mkwe anasema nimerogwa, na anamjua mtu. Niende?*
*Kichwa Kizito, Majengo, Mombasa*

Marahaba, mwanangu. Usiende. Huyo mtu atakutaka jogoo mweusi, na kabla hujamaliza kumlipa utaamka siku moja mzima kabisa, sifa zikaenda kwake. Wapo wanaojenga nyumba kwa maradhi yanayopona yenyewe.

Uliyo nayo ni arosto, na madaktari wanaitambua: wale wa akili wa Marekani wameiandika rasmi kwenye mwongozo wao wa 2013. Sikiliza inavyokwenda. Tangu unapoamka, ubongo unajikusanyia kitu kiitwacho adenosini, ambacho kazi yake ni kukuchosha ili usiku ulale. Kina viti vyake, na kikishakaa macho huwa mazito. Sasa kafeini imeumbwa kwa kufanana nacho. Inawahi viti, inakaa, na kazi haifanyi, mfano wa yule jirani anayeikalia baraza tangu alfajiri na hanunui hata kikombe. Adenosini inabaki imesimama, na wewe unajiona simba. Lakini ubongo nao una akili zake. Ukiona viti vimejaa kila siku, unaongeza vingine, ndiyo maana kikombe kimoja cha zamani leo kimekuwa vitatu. Halafu unasimama Ijumaa na kutangaza! Kafeini inaondoka, viti vya zamani na vya nyongeza viko wazi, adenosini inakaa yote kwa mpigo. Na mishipa ya damu ya kichwani, ambayo kafeini ilikuwa ikiibana, inatanuka. Kugonga kwenyewe ndiko huko.

Kwa kawaida huanza baada ya saa 12 hadi 24 tangu kikombe cha mwisho, hupanda hadi juu siku ya kwanza au ya pili, na huisha ndani ya siku 2 hadi 9. Kwa hiyo ukiweza kuvumilia, umeshapita pabaya. Ukishindwa, rudi kwenye kikombe kimoja cha asubuhi, wiki ijayo nusu, inayofuata robo, halafu basi. Kama unawaonea haya wazee, kanywe mtaa wa pili. Kahawa huachwa kimyakimya, haina haja ya hotuba. Ila kichwa kikija kwa ghafla na kwa nguvu ambayo hujawahi kuiona, au kikija na homa, shingo kukakamaa au mkono kulegea, hapo kahawa haihusiki. Hospitali, siku hiyohiyo.

*Shangazi, mume wangu ameacha kahawa. Zamani alikuwa akirudi saa nne usiku kutoka kijiweni. Sasa magharibi yuko ndani, ananipangia sufuria. Nifanyeje?*
*Mke Aliyechoka, Magomeni*

Mnunulie bao, umtoe nalo. Kahawa ndiyo iliyomshinda. Kijiwe hakijamkosea kitu.

*Shangazi, mimi kahawa nimeiweza! Siku ya nne leo, na kichwa hakijaniuma kabisa. Nakunywa tu chai ya rangi, nzito, asubuhi, mchana na jioni, na kichwa kikitaka kuanza nameza Panadol Extra mbili. Hawa wenzangu wanalalamikia nini?*
*Mshindi, Tanga*

Mshindi, rudisha kombe. Chai ina kafeini, na ukiiacha ichemke mpaka iwe nyeusi hivyo, unakunywa nyingi. Hiyo Panadol yako, lile neno Extra lina maana: kila kidonge kina parasetamoli miligramu 500 na kafeini miligramu 65. Mbili ni miligramu 130, kafeini ya kikombe kizima cha kahawa, umeinunua dukani kama dawa. Waliitia makusudi, kwa sababu inaipa nguvu parasetamoli, na kwa mtu mwenye arosto lazima atulie, maana amepewa kilekile anachokililia. Ukiendelea kumeza vidonge hivyo siku nyingi za mwezi, vyenyewe vitaanza kukuletea kichwa, na ini lako halitakushukuru. Ukizidiwa, tafuta parasetamoli tupu, na usivuke kipimo kilichoandikwa. Soda za kola nazo zimo. Na vile vinywaji vya kuongeza nguvu, kopo la mililita 250 mara nyingi huwa na miligramu 80. Geuza kopo usome, maandishi ni madogo lakini miwani unayo.

*Shangazi, niliacha sigara, nikajibakizia kahawa iwe kifuta machozi. Vikombe ni vilevile, lakini sasa mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, usiku natazama dari. Siku hizi wanatia nini kwenye kahawa?*
*Macho Makavu, Ng'ambo, Unguja*

Hawajatia kitu, muuza kahawa wako msamehe. Moshi wa sigara huliharakisha ini kuivunja kafeini. Mtu mzima asiyevuta huchukua saa tano hivi kuiondoa nusu yake mwilini. Mvutaji huchukua muda mfupi zaidi. Ulipoacha sigara ini likarudi kwenye mwendo wake, na vikombe vilevile vikawa vinakukalia karibu mara mbili ya zamani. Punguza vikombe viwe nusu, cha mwisho kiwe kabla ya adhuhuri. Wala usikate vyote viwili wiki moja, kuna watu unaishi nao. (Wajawazito mnaosoma hapa: kwenu kafeini hukawia zaidi hata kuliko hapo, basi ulizeni kliniki, msiniulize mimi.)

*Shangazi, kila Ramadhani siku tatu za mwanzo kichwa kinapasuka tangu saa nane mchana. Watu wanadhani ni njaa. Mwaka huu nifanye nini?*
*Mfungaji, Lamu*

Njaa haina makosa, unaisingizia. Mwanangu, Ramadhani haijawahi kumfikia mtu kwa ghafla, ina Rajabu na Shaaban zinazoitangulia zikipiga hodi. Ikiingia Shaaban anza kupunguza, kila baada ya siku chache kikombe kimoja kiondoke, mpaka ubaki na kimoja, na hicho kihamishie usiku. Mwezi ukiandama, mwili utakuwa umeshazoea kwamba mchana hakuna. Wapo wanaokunywa daku, na kweli kikombe cha daku kinaweza kukuvusha mpaka magharibi, lakini ule usingizi wa baada ya alfajiri uage. Na baada ya tarawehe nakuomba usilipize. Nawaona pale kijiweni, mtu amefunga vizuri mchana kutwa, usiku anakunywa deni lote, halafu saa tisa anashangaa kwamba hajalala.

*Shangazi, huu mwezi wa pili sinywi kahawa, nina amani isiyo kifani. Nawaelimisha watu juu ya madhara yake, barazani, kazini, hata msibani, lakini wananikimbia. Nimekosea wapi?*
*Mwangaza, Kariakoo*

Msibani, mwanangu?

Mwaka 1511 gavana wa Makka, Khair Beg, aliona watu wanakesha na kahawa yao, akakusanya wanazuoni na matabibu, akaipiga marufuku. Alikuwa na askari. Na bado amri kutoka Cairo ikaja kuilegeza, watu wakarudi kwenye vikombe vyao. Wewe una nini, mkoba na kijitabu? Mtu mzima anayekunywa vikombe vyake vitatu vinne na analala usiku hana ugonjwa wa kutibiwa na wewe. Nyamaza wiki mbili. Nayo itakuletea arosto, itapita.

*Shangazi, mimi ni muuza kahawa, dele hili nimerithi kwa baba. Safu yako inaniulia biashara. Wateja wanakuja, wanakaa, wanasoma gazeti langu, wanabishana siasa mpaka usiku, wanaomba maji. Nile nini?*
*Mwenye Dele, Kariakoo*

Nunua dele la pili. Tia tangawizi ya kuponda, mdalasini na iliki, chemsha sawasawa, uza kwa bei ileile ya kahawa. Kafeini haimo hata chembe. Kashata usipunguze. Hao waliacha kahawa tu, ubishi wanao bado, na ubishi unakausha koo. Gazeti lining'inize karibu na dele ili mtu akilifuata akutane na mvuke. Na kama yule Mwangaza ni mteja wako, mtoze mara mbili, mwambie nimekutuma mimi.