Namna ya Kumaliza Mkopo wa Nyumba Bila Kukosana na Mtu

Hongera, umepata mkopo wa nyumba. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mfanyakazi wa Dar es Salaam mwenye mshahara, watoto wanaosoma, ndugu wanaompenda na nia njema. Fuata hatua zote kwa mpangilio wake. Ukishindwa katikati usione aibu, hilo limeshawekwa kwenye hesabu.

Anza na ratiba ya marejesho. Ni yale makaratasi yaliyobanwa pini nyuma ya mkataba, yamejaa tarakimu, ambayo siku ya kusaini uliyafunua haraka haraka kwa sababu ofisa alikuwa ameshakuwekea kidole mahali pa sahihi. Yatoe. Tuseme umekopa shilingi milioni 60 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, miaka 20. Rejesho lako ni kama 880,000 kila mwezi. Sasa soma mstari wa kwanza polepole: kati ya hizo 880,000, riba ni 850,000. Deni la msingi limepungua kwa 30,000. Ukimaliza mwaka umeshalipa zaidi ya milioni kumi na nusu, na deni limeshuka kwa kama 390,000. Ukimaliza miaka kumi bado unadaiwa milioni 50 na ushee. Nusu ya deni utaifikia mwaka wa kumi na saba. Jumla ya utakacholipa mpaka mwisho ni zaidi ya milioni 211. Usiwaonyeshe wazazi makaratasi haya.

Usikate tamaa, maana hesabu hizo hizo zina habari njema. Ukiongeza laki moja tu juu ya rejesho la kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza, miaka 20 inakuwa 12, na milioni 70 hivi zinabaki kwako. Rudia kusoma sentensi hiyo. Laki moja inafuta miaka minane. Kwa hiyo kazi yako yote kuanzia leo ni moja: kuipata laki hiyo kila mwezi na kuifikisha benki ikiwa nzima. Kabla ya kuanza, uliza mambo mawili. Je, kuna faini ya kulipa kabla ya wakati? Na je, hela ya ziada inapunguza deni la msingi moja kwa moja? Ukiiingiza bila maelekezo ya maandishi, inaweza kukaa tu kwenye akaunti ikisubiri rejesho la mwezi ujao, na benki itakuona mteja mwaminifu sana unayewahi. Andika barua, na ubaki na nakala yenye muhuri. Barua isiyo na muhuri haijawahi kuandikwa.

Baada ya hapo kaa na karatasi yako ya mshahara. NSSF wamechukua asilimia 10. Kama ulisoma chuo kwa mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo imechukua asilimia 15. Kodi ya mapato imechukua ya kwake. Kama wewe ni mtumishi wa umma, sheria inakulinda: makato ya madeni hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara wa msingi, ili theluthi moja uende nayo nyumbani. Sheria haikusema theluthi hiyo ni ya nani.

Hatua inayofuata ni kikao cha bajeti na mwenzio. Mkifanye Jumapili baada ya kula, siyo kabla. Kumbuka kwamba nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume, kwa hiyo mwenzio naye alisaini na ana haki ya kuuliza. Andikeni kila kitu: hela ya kula, nauli, LUKU, maji, mtungi wa gesi na gunia la mkaa la kuokolea gesi inapokata maharage yakiwa jikoni, ada, mshahara wa dada wa kazi, vocha. Msisahau kwamba tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, kwa hiyo unaponunua umeme unanunua na utulivu wa serikali. Jumlisheni. Mtakuta laki moja imebaki. Huwa inabaki. Kwenye karatasi haijawahi kukosekana hata siku moja.

Sasa kuna kanuni ambayo kikao hicho hakiigusi: kila mmoja wenu ana hela ambayo mwenzake haijui. Mmoja ana hisa kwenye kikoba cha kazini, mwingine anacheza mchezo na wenzake wa zamani na zamu yake ni mwezi wa tisa. Usiulize. Hela hizo ndizo zitakazolipa benki mwezi ule mshahara utakapochelewa, ila zitakuja kwa heshima yake, yaani mwenzio atakwambia kuna rafiki yake anaweza kukukopesha, kwa riba ya asilimia kumi. Utakubali, utashukuru, na utamlipa huyo rafiki kwa wakati. Ukimtambua, nyamaza.

Tukifika kwenye michango lazima twende taratibu, maana hapa ndipo wengi wanapoiacha ile laki.

Mchango hauombwi. Unaamka asubuhi na kukuta umeunganishwa kwenye kundi la harusi, tayari mko watu mia na themanini. Usiulize bwana harusi ni nani. Tuma pongezi ndani ya dakika kumi, ikiwezekana na vikopa vya mioyo. Jioni italetwa kadi: mtu mmoja elfu hamsini, wawili laki. Ndiyo, laki. Hapo utaona kwamba kamati ya harusi na benki zimepiga hesabu ya mwisho wa mwezi wako bila kushauriana na zikakubaliana kiasi. Usijaribu kuandika hamsini kama una ndoa, maana watu watajua ndoa ina matatizo na kikao cha pili kitakuwa juu yenu.

Andika ahadi. Kuanzia siku hiyo mhasibu atabandika orodha kila jioni baada ya taarifa ya habari: jina, ahadi, alichotoa, anachodaiwa. Hapa linganisha taasisi hizi mbili kwa haki. Benki ikikudai inakupigia wewe, inakuandikia wewe, na sauti yake ni ya upole mpaka mwezi wa tatu. Kamati inakutaja mbele ya mkwe wako, bosi wako wa zamani na padri. Benki Kuu inayo kanzidata ya taarifa za wakopaji, sawa, lakini daftari la mhasibu wa kamati halifutiki. Mwaka binti yako atakapopata mchumba, litafunguliwa ukurasa wako na watu wataona ulitoa nini, lini, na kama ulikumbushwa. Ndiyo maana katika historia ya mji huu hakuna aliyekataa mchango. Watu husema "tupo pamoja", husema "nisubirini mwisho wa mwezi", kisha hutoa. Nawe utatoa. Baada ya harusi kuna sendofu ya mwingine, kicheni pati, kipaimara, na gari la mwalimu mkuu anayestaafu. Misiba sijaitaja na haitajwi. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweka rambirambi kwenye bajeti, na hakuna mwezi unaopita bila rambirambi.

Kinachofanya viwango vyako vipande ni geti. Ulipokuwa mpangaji wa vyumba viwili Mbagala ulikuwa unaandikiwa kadi ya mtu mmoja na hakuna aliyenung'unika. Siku uliyohamia kwako ulipandishwa daraja. Mtaani hapajulikani mkopo, panajulikana bati. Nyumba ya kukopa na nyumba ya fedha taslimu zina madirisha yale yale ya alumini, na shangazi hana njia ya kuzitofautisha hata angetaka. Atapiga simu. Utasema, "Shikamoo shangazi." Atasema, "Marahaba mwanangu, nimesikia mmehamia kwenu, Mungu ni mwema," kisha atanyamaza kidogo. Ukimya huo ni ada ya muhula wa kwanza. Kwa hiyo acha geti bila rangi kwa miaka 20. Ukishindwa, paka rangi ya msingi tu, ile nyekundu ya kuzuia kutu, na ukiulizwa useme fundi ametoroka na hela. Kila mtu ataamini, maana kila mtu ana fundi wake aliyetoroka.

Kuhusu chumba cha wageni: usiwe nacho. Kama ramani ya nyumba imekileta, kiite stoo, jaza madumu na baiskeli mbovu, funga. Chumba kitupu Dar es Salaam hakivuki mwezi wa kumi, vyuo vinapofunguliwa. Mtoto wa kaka atakuja "kwa wiki mbili, akitafuta hosteli". Atakuwa kijana mzuri, mwenye adabu, anayeosha vyombo. Atahitimu akiwa hapo.

Utakutana pia na mjomba wa Chanika. Yeye atakuuliza mbele ya watu kwa nini ulijitia kitanzi cha benki badala ya kununua kiwanja na kujenga mdogo mdogo kama wanaume wengine. Usimwonyeshe ratiba yako, na usiulize kuhusu nondo zake zinazoota kutu angani zikisubiri zege la ghorofa ya kwanza. Jibu ni moja: "Kweli kabisa, mjomba." Kwa maoni yangu nusu ya hoja yake ni sahihi. Tofali lililokaa bila riba ni la bei nafuu kuliko lako, kasoro yake ni kwamba halizuii mvua. Wala asikutishe anaposema nyumba yako ni ya benki. Ardhi ya nchi hii ni ya umma, iko chini ya Rais kama mdhamini, na hati inakupa haki ya kuikalia kwa miaka 33, 66 au 99. Naye kama ana hati, basi ni mwenye muda tu. Ila mwambie hayo akiwa ameshakula.

Itafika siku akaunti haina kitu na rejesho ni kesho kutwa. Mara nyingi ni Januari, umetoka kwenu kwa sikukuu, nauli za basi zimekula za kwenda na za kurudi, na shule zimefungua na orodha ya mahitaji yenye reki na fagio. Hapo simu yako itakuletea ujumbe wa mkopo wa papo hapo, hauna dhamana wala maswali. Mitaani mikopo ya namna hiyo inaitwa kausha damu, na mtu hapewi jina hilo bure. Ukikopa huko kulipia benki, utakuwa na wadai wawili, na huyu mpya ana namba za watu wote walio kwenye simu yako. Nenda benki kabla ya tarehe, omba kupangiwa upya marejesho. Watakukubalia. Muda utaongezwa, rejesho litashuka kidogo, na ile miaka 20 itakuwa 23. Utatoka umefurahi kuliko siku ya kupewa mkopo. Hiyo furaha uiogope.

Usitegemee sana huruma ya viwango. Januari 2024 Benki Kuu ilianza kutangaza riba yake ya sera, ikaanza na asilimia 5.5, na wakopaji wengi wakakimbilia kuuliza kwa nini yao ni 17. Walipewa soda na maelezo marefu. Wala usidhani kushindwa ni kwa watu wadogo tu. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa miaka ya 1970 kwa kazi hii hii ya kukopeshea watu nyumba, ilifungwa 1995. Yenyewe ilikuwa na wachumi. Wewe una karatasi ya Jumapili.

Sasa tuchukulie, kwa ajili ya kukamilisha mwongozo, kwamba umemaliza. Usifanye sherehe, utachangisha na utalazimika kurudishia. Shilingi ya mwisho ikishaingia, hati haikufuati nyumbani. Rehani inaendelea kuonekana kwenye daftari la ardhi mpaka benki iandike hati ya kuifuta na ifutwe kwa Msajili wa Hati. Benki haitakukumbusha. Omba kwa maandishi, fuatilia kila wiki, na hakikisha hati unayorudishiwa ni halisi, ina jina lako na namba ya kiwanja chako, siyo cha jirani. Nenda asubuhi, beba kitambulisho, nakala mbili za kila karatasi na hela ya ada. Na ukikutana na mtu unayemfahamu kwenye foleni, mwambie umekuja kuulizia kiwanja cha marehemu babu.