Joto la Kununua

Mbale hakuna mtu anayenunua gari akauliza hita. Mnunuzi atapiga honi, atapiga teke gurudumu, ataulizia kiyoyozi, halafu ataulizia bei na kushtuka kama desturi inavyotaka. Hita ni ya nini? Kwetu joto hufika lenyewe saa nne asubuhi, na halibishi hodi. Kwa hiyo niliponunua gari dogo la umeme lililokwisha kutumika Japani, mjadala wote ulikuwa juu ya betri. Hata yule mwanamke aliyemo ndani ya redio, anayesalimia kwa Kijapani kila ukiliwasha, hakuna aliyemjali isipokuwa Shangazi, ambaye humwitikia “Mulembe” na kuniuliza mbona simjibu mgeni.

Shida ni kwamba Mbale iko chini ya mlima, na juu ya mlima kuna ndugu. Kapchorwa ni kama kilomita 65 tu, lakini kilomita hizo hukutoa kwenye mita 1,100 na ushee hadi zaidi ya 1,800. Mwezi wa Julai, jua likizama, watu wa huko huvaa majaketi mazito ambayo Mbale yangekufanya upelekwe hospitali. Binti ya Shangazi ameolewa huko, na alipojifungua, Shangazi akatangaza kwamba gari la mtoto wa kaka yake halinywi petroli, kwa hiyo safari ni ya bure. Akaalika na rafiki zake watatu.

Tulipita Sironko madirisha wazi. Baada ya Muyembe barabara ikaanza kupanda, ukungu ukatushukia, nami nikawasha hita kwa madaha ya mtu mwenye gari la kisasa. Ikapuliza hewa ya friji. Nyuma ya dashibodi kukawa na sauti, blu-blu-blu, ikikatika na kuanza upya.

“Mwanangu,” Shangazi akasema, “kuna mtu humo ndani anakunywa pombe ya malwa kwa mrija.”

Niliporudi mjini nililipeleka gari kwa fundi mmoja anayeheshimiwa sana kwa injini za dizeli. Akafungua boneti, akatazama, akaifunga. Akaifungua tena.

“Injini wamekuibia bandarini,” akasema kwa huruma.

Nikamweleza kwamba haikuwahi kuwamo. Akaniuliza kama themostati imeng'olewa. Swali hilo halikwepeki: mafundi wetu wengi hung'oa themostati gari likifika tu, kwa imani kwamba nchi ya joto haina haja nayo, na gari likileta kesi yoyote ya joto au baridi wanaanzia hapo. Nikamwambia gari hili halina injini ya kuchemka, basi hita itachota wapi? Katika aina ya gari langu kuna kifaa cha umeme kinachochemsha maji, pampu ndogo inayasukuma hadi kwenye rejeta iliyojificha nyuma ya dashibodi, na feni inapuliza. Aliposikia neno maji, uso ukamng'aa. Alitega sikio, akapata blu-blu-blu yake, akasema mabomba yameingiwa na hewa. Akajaza maji ya rejeta, akaitoa hewa pole pole, sauti ikakoma, hita ikachoma. Mtu aliyekuwa akitafuta injini iliyoibwa amelitibu gari la umeme kwa sikio tu. Kisha akanitoza bei ya kompyuta.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana sasa hita ilikuwa inafanya kazi.

Gari la petroli ni badhirifu. Zaidi ya nusu ya nguvu iliyo katika kila lita hupotea kama joto, na hita yake huokota kidogo katika hasara hiyo na kukupulizia miguuni. Abiria anadhani amekirimiwa, kumbe anakula makombo. Gari la umeme halina makombo. Mota yake hugeuza karibu umeme wote kuwa mwendo, yenyewe ikabaki vuguvugu. Ukitaka joto lazima lipikwe makusudi, kwa umeme uleule uliokuwa ukufikishe uendako. Magari mengine yana hita inayofanya kazi ya friji kinyumenyume, ikivuta joto kutoka hewa ya nje na kuliingiza ndani, na hiyo hula kidogo. Langu linachemsha maji kama jiko.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, jambo ambalo sikushauri. Kulinyanyua gari lenye watu watano kutoka Mbale hadi Kapchorwa, nikihesabu ule urefu wa mlima peke yake, kunahitaji kama uniti tatu na nusu, uniti zilezile tunazonunua kwa mita ya Yaka. Hita ikiwaka kwa nguvu saa moja hula kiasi hichohicho. Maana yake, kuipasha miguu ya Shangazi na kumpandisha mlimani vina bei moja. Umeme huo wenyewe kwa sehemu unatoka Jinja, ambako Malkia Elizabeth alikuja kufungua bwawa la Owen Falls mwaka 1954, sidhani kama aliambiwa utaishia wapi. Jinja hiyohiyo ndiko kiwanda cha mabasi ya umeme cha Kiira Motors kilipo. Gari la kwanza la majaribio la mradi uliozaa kiwanda hicho, Kiira EV, lililoonyeshwa Makerere mwaka 2011, lilikuwa na viti viwili tu, na wako waliocheka. Mimi nimeelewa hekima yake. Gari la viti viwili haliwezi kubeba shangazi pamoja na rafiki zake.

Nikatafuta ushauri kwa wazoefu wa baridi. Norwe, ambako mwaka 2024 karibu magari mapya tisa kati ya kumi yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, wana dawa moja wanayoisifu: lipashe gari moto likiwa bado limechomekwa nyumbani, ili joto la mwanzo litoke ukutani na si kwenye betri. Nikafuata dawa kama ilivyoandikwa. Kwa hiyo siku ya safari ya pili, saa sita mchana, Namakwekwe, jua la utosi, gari langu lilisimama uani na waya ukitoka dirishani, limefungwa vioo, hita imepandishwa hadi mwisho. Majirani walisimama kwenye uzio bila kuuliza, jambo ambalo si kawaida yao. Shangazi alifungua mlango, akaufunga, akaniangalia.

“Baba yako pia alianza hivi hivi,” akasema.

Joto lile la Kinorwe lilitoka lote dirishani kabla ya Sironko.

Mlimani tukapambana na ukungu wa aina ya pili, ule wa kwenye kioo. Ili kubana joto nilifunga hewa ya nje, gari likazungusha ileile ya ndani. Watu watano wanapumua, jogoo wa zawadi anapumua, mvua inanyesha, miavuli imelowa: baada ya kona chache nilikuwa naendesha kwa kumbukumbu. Dawa yake ni kuruhusu hewa ya nje na kuwasha kiyoyozi pamoja na hita. Mvuke hugandia kwenye mabomba baridi ya kiyoyozi na kudondoka nje kama maji, kisha hita huipasha hewa iliyokauka. Jambo hili ni kweli na huwezi kumweleza mtu mwenye blanketi begani. Mara tu Shangazi alipouona mkono wangu kwenye kitufe cha kiyoyozi, aliushika.

Kilichotuokoa ni mkoba wake. Aliuegemeza kando ya kiti, ukabonyeza kitufe nisichokuwa nimekishughulikia, na tulipokaribia Sipi akapiga ukelele: “Simamisha! Gari linaungua!” Nikasimama. Akashuka kwenye manyunyu, akakipapasa kiti kwa kiganja, akakinusa. Akarudi kukaa, akanyamaza hadi Kapchorwa. Kiti kile kina waya za joto ndani yake, na kinakula umeme usiozidi sana wa balbu moja au mbili za kizamani, kwa sababu kinapasha mtu mwenyewe badala ya hewa inayokimbilia kila tundu. Nikazima hita kubwa. Rafiki zake wa kiti cha nyuma, ambacho hakina waya, wakaanza kukumbushana nani kati yao ni mkubwa kwa umri.

Tulipofika, Shangazi hakushuka. Hoja yake ilikuwa ya kisheria: kwa desturi ya Kigisu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai chumba kimoja, na sebule ilikuwa na mkwe. Mjukuu akaletwa garini. Uji ukaletwa garini. Mkwe mwenyewe alisalimia kutoka mbali, chini ya mparachichi, mikono kwapani. Kisha wamama wa jirani wakaitwa mmoja mmoja kuja kukaa kwenye kiti cha dereva, ambacho nacho kina kitufe chake, na foleni ikafika hadi getini. Mimi nilisimama nje na mkwe, tukiangalia.

Kushuka mlima ni habari nyingine kabisa. Mota hugeuka kuwa jenereta, gari linajizuia lenyewe bila breki kufanya kazi kubwa, na namba ya betri inapanda mbele ya macho yako. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na umeme wa kuchezea, hita ningeweza kuiwasha hadi mwisho bila kupiga hesabu. Nikawatangazia abiria wangu hivyo, kwa fahari. Lakini tulikuwa tumeshapita Muyembe, vioo viko chini, rafiki watatu wa nyuma wanajipepea kwa kanga na jogoo wa pili, yule tuliyepewa huko, amefungua mdomo kwa joto.

“Hiyo hita yako zima,” Shangazi akasema, jasho likimtiririka shavuni. “Ila kiti changu usikiguse.”