Namna ya Kuongoza Rasilimali Watu Bila Kusumbuliwa na Watu

Hongera kwa uteuzi. Kuanzia leo wewe ni Mkurugenzi wa Utawala na Rasilimali Watu wa kampuni inayoheshimika hapa Dar es Salaam, una maegesho yenye bango la cheo chako na kiti karibu na kiyoyozi. Waliosomea kazi hii watakutisha bure. Uamuzi hufanyika juu. Wewe kazi yako ni kuutafutia mchakato.

Chukua suala la ajira. Mwenyekiti wa bodi akikuletea kimemo kuhusu kijana wake, usimwajiri papo hapo. Tangaza nafasi. Weka CV ya kijana mezani, kisha uandike sifa za mwombaji ukiitazama: shahada ya masoko, uzoefu wa miaka 2 na miezi 7, leseni ya udereva, na Kichina cha kuombea maji. Waombaji watakuja na bahasha za kaki, wengine kwa koti la kuazima. Waulize wanajiona wapi baada ya miaka 5, uwasikilize kwa makini, na alama uziandike kwa penseli.

Likizo isikupotezee muda. Sheria inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka, nawe mwache azipangie ratiba Januari, Juni uzisogeze mbele "kwa kuzingatia mahitaji ya kazi". Baba aliyepata mtoto ana siku 3. Mkumbushe kuwa hakuzaa yeye.

Ujuzi wa mkurugenzi hupimwa kwenye kikao cha nidhamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ina ukorofi wake: haitosheki na sababu ya kumwachisha mtu kazi, inataka na utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zikaja kuongeza chumvi: mtuhumiwa apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, aruhusiwe kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na kikao kiendeshwe na meneja mwandamizi asiyehusika na tukio. (Nina hakika Kanuni hizi ziliandikwa na mtu aliyewahi kufukuzwa.)

Usibabaike. Barua ya wito impate Ijumaa saa kumi na moja jioni, kikao kiwe Jumatatu saa mbili asubuhi. Saa 48 zimetimia na chenji imebaki. Uenyekiti mpe Meneja wa Fedha, ambaye kwenye tukio hakuwepo kabisa, alikuwepo tu kwenye kuandika barua ya kumfukuza. Mtuhumiwa akijieleza, tikisa kichwa kwa huruma, msogezee chupa ya maji. Kisha mtoe nje, kamati ibaki "kutafakari". Sambusa ziagizwe mapema, kwa sababu tafakuri isiyofika robo saa huonekana vibaya kwenye muhtasari.

Ila angalia tarehe! Hapo wameanguka wakubwa wengi. Katibu muhtasi, kwa kuwa printa ya ghorofa ya pili hugoma kila Jumatatu, aliichapa barua ya kumfukuza Alhamisi, kabla ya kikao, na juu kulia pamebaki Alhamisi. Mwakilishi wa chama hasomi kitu kingine kwenye barua kabla ya tarehe.

Utaulizwa kwa nini usipunguze tu wafanyakazi kistaarabu. Jibu lipo kwenye mahesabu. Anayepunguzwa sharti umpe notisi, umwonyeshe sababu, ushauriane naye au na chama chake, halafu umlipe kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka 10. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hana kiinua mgongo hicho. Sasa umeelewa kwa nini nidhamu hushuka ghafla kampuni ikikosa fedha. Na lile neno "msingi" ndilo lililowafundisha waajiri kupunguza mshahara na kunenepesha posho ya nyumba, ya nauli na ya simu. Mfanyakazi hushukuru kila mwezi hadi siku ya kuondoka.

Mei Mosi toa fulana na kofia kwa wote. Mfanyakazi hodari awe dereva wa Mkurugenzi Mtendaji. Hajawahi kudai saa za ziada, maana akilala humo humo kwenye gari anahesabiwa kuwa amepumzika.

Mwingine, hata baada ya maji na sambusa, atakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ana siku 30 tangu kuachishwa kazi, na kwa bahati mbaya wanachama wenzake humkumbusha. Wito ukija, usiende mwenyewe. Mtume afisa utumishi aliyeanza kazi mwezi uliopita: hajui kilichotokea, kwa hiyo hawezi kukisema. Wewe siku hiyo uwe Arusha, kwenye semina ya siku 3 kuhusu uongozi unaojali utu, na posho ya kujikimu iwe imeshaingia.